Walikupa au walikukopesha?

Barua pepe iliingia nikiwa nimepiga magoti chini ya meza ya jikoni naokota vipande vya ndizi. Binti yangu, miezi kumi na nusu, alikuwa amegundua kwamba kitu ukikiachia kinaanguka, na kikianguka mama anainama. Utafiti huo aliuanza saa mbili asubuhi na sasa ilikuwa inaelekea saa nne. Simu ikatetema juu ya kaunta. Vidole vyote vilikuwa vinanata isipokuwa kile cha mwisho, basi nikaifungua kwa hicho.

Ilikuwa Jumanne, tarehe 13 Mei 2025. Ofisi ya utumishi ilikuwa inathibitisha kwamba imepokea barua yangu ya kuacha kazi. Walinitakia heri. Kisha aya ya pili: kwa mujibu wa fomu niliyotia saini kabla ya kujifungua, natakiwa kurejesha malipo ya uzazi ya wiki 18.

Paundi 11,700.

Kipande kingine cha ndizi kikanidondokea begani. Sikukiokota.

## Fedha mbili, kanzu moja

Wengi mnaonisoma mko huku Uingereza, au mna dada, shemeji, rafiki huku, kwa hiyo hadithi ya likizo ya uzazi ya wiki 52 sitaianza mwanzo. Mnaijua. Mimi nilidhani naijua pia.

Nilichokuwa sijakitia akilini ni kwamba ile hela iliyokuwa inaingia benki kila mwisho wa mwezi ilikuwa fedha mbili zilizovaa kanzu moja. Moja ni ya sheria: wiki 6 za mwanzo asilimia 90 ya mshahara, halafu wiki 33 za kiwango maalumu, ambacho mwaka ule kilikuwa paundi 184.03 kwa wiki. Ya pili ni nyongeza ya mwajiri, anayoitoa kwa hiari yake ili mshahara ufike pale pale ulipokuwa. Mimi walinijazia wiki 18, kuanzia tarehe 3 Juni 2024.

Na nyongeza ilikuwa na sharti. Usiporudi ukafanya kazi miezi 6, unairudisha.

Sharti hilo nililiona. Lingekuwa jambo rahisi sana kuwaambia hapa kwamba lilifichwa kwa maandishi madogo, lakini lilikuwa aya ya mwisho ya fomu, kwa herufi za kawaida. Meneja wangu alinipa kalamu, nikasaini nimesimama, mkono mmoja kiunoni. Kurudi kazini wakati ule ilikuwa kama kurudi nyumbani kutoka sokoni. Nani anaulizwa kama atarudi nyumbani kutoka sokoni?

## Siku tatu

Mwezi wa tatu mwaka 2025 niliomba kupunguziwa siku: tatu kwa wiki badala ya tano. Tangu Aprili 2024 mfanyakazi anaweza kuomba hivyo hata siku yake ya kwanza kazini, na mwajiri ana miezi miwili ya kujibu. Kuomba ni haki yako. Kukubaliwa si haki yako. Jibu lilikuja mwisho wa mwezi wa nne: kazi yangu haiwezi kugawanywa kwa wafanyakazi waliopo. Sababu hiyo imo kwenye orodha ya sababu ambazo sheria inazikubali, na waliiandika karibu neno kwa neno, kama mwanafunzi aliyeona jibu ubaoni.

Siku tano, au basi.

Baba wa binti yangu anaendesha basi hapa mjini Reading. Wiki hii anatoka saa kumi alfajiri, wiki ijayo anarudi saa saba usiku. Mama yangu alikuja kunilea, akanikanda kwa maji ya moto, akanipikia uji wa pilipili manga mpaka nikauchukia, akanitoa arobaini, akakaa hadi Oktoba, akarudi Tanga. Ikabaki nasari.

Nilimpeleka kuzoea kwa saa moja tu. Wakaniambia niage, niondoke, nisikae mlangoni. Niliaga. Sikwenda mbali. Nilisimama nyuma ya mapipa ya taka, yale ya magurudumu, nikategesha sikio. Alilia dakika 11. Kisha akanyamaza, na kule kunyamaza ndiko kulikonimaliza, maana sikujua kama ametulia au amekata tamaa. Nilipoingia kumchukua nilimkuta amekaa kwenye zulia, ameshika kijiko cha mbao, hana machozi wala hana kicheko. Aliniangalia kama mtu anayekukumbuka kidogo.

Wapo watoto wanaozoea siku ya pili, na mama zao si mama wabaya. Nasimulia wa kwangu.

Wiki ile ile nikaandika barua ya kuacha kazi.

## Nyuma ya bahasha

Siku mbili baada ya ile barua pepe sikumwambia mtu. Ya tatu, mtoto akiwa amelala mgongoni, nikapiga simu Acas, shirika la umma linaloshauri kuhusu haki za kazini, ambako ushauri ni bure, huku nikizungukazunguka sebuleni kwa sababu nikikaa anaamka. Aliyepokea alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kitu kimoja: hizo 11,700, ndani yake wameweka na malipo ya kisheria?

Sikuwa na jibu. Akaniambia nitoe slipu za mshahara, nitaona mistari miwili. Ule wa malipo ya kisheria haudaiwi na mwajiri, hata kama hutakanyaga tena ofisini kwake.

Usiku nikazitandaza mezani. Mshahara wangu ulikuwa paundi 650 kwa wiki. Wiki 6 za kwanza: sheria 585, mwajiri 65. Wiki 12 zilizofuata: sheria 184.03, mwajiri 465.97. Nikazidisha na kujumlisha nyuma ya bahasha ya bili ya maji, mara ya kwanza nikakosea, mara ya pili ikakubali.

Sheria: 5,718.36. Nyongeza: 5,981.64.

Karibu nusu ya walichokuwa wananidai hakikuwa chao kudai. Tena hiyo ya sheria mwajiri mkubwa anarudishiwa asilimia 92 na serikali, kwa hiyo ningelipa, wangekuwa wamelipwa mara mbili.

Nadhani mtu alichukua wiki 18, akazidisha kwa mshahara, akaenda zake kula. Sitaki kuamini kubaya zaidi ya hapo. Ila wiki zile zote swali lilikuwa linanirudia nikiwa nasuuza chupa: ni wangapi walipokea hesabu kama hiyo na wakalipa bila kufungua slipu? Mgeni ukiwa huku, barua yenye nembo inakutisha. Unalipa kwanza, unauliza baadaye, na mara nyingi huulizi.

## Sauti kutoka Tanga

Nilipomwambia dada yangu alinijibu kwa sauti ya WhatsApp, nyuma yake bodaboda zinapita.

“Mdogo wangu, hebu nieleweshe. Hiyo hela walikupa au walikukopesha?”

Nikaanza kujibu, nikafuta. Nikaanza tena, nikafuta. Baadaye nikamtumia kikaragosi cha mtu anayekuna kichwa.

Yeye alipojifungua alipata siku zake 84 kwa mshahara kamili, kama sheria ya Tanzania inavyosema. Wa mapacha wanapata 100. Hakuna aliyemwekea sharti la kurudi. Angeacha kazi siku ya 85, hela yake ingebaki yake. Lakini siku ya 85 alikuwa ofisini, maziwa yanamchuruzika ndani ya blauzi, mtoto yuko nyumbani na dada wa kazi wa miaka 19. Sheria inampa mpaka saa mbili kwa siku za kunyonyesha, na nyumbani kwake ni mwendo wa daladala mbili kwenda na mbili kurudi. Fanya hesabu. Alinionea huruma kwa deni, nami nikamwonea huruma kwa siku 84, tukawa sare.

Swali lake likabaki.

Kama walinipa, wanadai nini? Na kama walinikopesha, mbona waliita malipo, wakayakata kodi kama mshahara, wakayaweka kwenye tangazo la ajira karibu na ile sentensi ya jinsi wanavyowajali wazazi? Mkopo haukatwi kodi ya mapato. Zawadi hairudishwi. Hiki kilikuwa kiumbe gani?

## Aliyekula mwanzo

Mama yangu alikuwa kijumbe. Upatu wake pale Ngamiani, Tanga, ulikuwa wa wanawake kumi, na majina yote yalikaa kwenye daftari la mistari lenye jalada la kijani, peni imefungwa kwa uzi. Mwaka mmoja kuna mama aliomba apewe zamu ya kwanza kwa sababu mwanawe alikuwa anafanyiwa upasuaji. Akapewa. Wiki ya nne mumewe akahamishiwa Dar es Salaam, naye akaondoka naye.

Zamu zake zilizobaki alizilipa mama yangu, kwa hela ya vitumbua. Ndiyo kazi ya kijumbe. Nilikuwa darasa la tano, nakumbuka viatu vya shule ambavyo havikununuliwa.

Hakuna aliyemwita yule mama mwizi. Walimwita “yule aliyekula mwanzo”. Lilikuwa jina tosha.

Nilipokumbuka hilo, hasira yangu iliishiwa pumzi kidogo. Mimi nilikuwa nimekula mwanzo. Nilichukua wiki 18 za kupumzika na kuuguza kidonda bila kuwaza kodi ya nyumba, kwa ahadi kwamba nitakuja kutia na mimi. Kisha nikahama.

Mnaweza kusema kampuni si mama yangu, haikosi viatu vya shule. Kweli. Na kwenye upatu kila mtu ana zamu, wakati hapa ni anayebeba mimba tu anayepewa kwa sharti hili. Nimejibishana hivyo na nafsi yangu usiku mwingi. Lakini siwezi kusaini daftari halafu nikaanza kuchunguza utajiri wa kijumbe siku ya kulipa tu.

## Hesabu za baba yake

“Mke wangu,” akasema, “kwani lazima uache sasa hivi? Rudi miezi sita. Ikiisha, waage.”

Akachukua kalamu. Mshahara mkononi kama 2,200 kwa mwezi, miezi sita 13,200. Nasari siku tano, baada ya kutoa saa 15 kwa wiki zinazolipiwa na serikali, 1,180 kwa mwezi; miezi sita 7,080. Inabaki 6,120. Juu yake weka deni ambalo halitakuwepo, karibu 6,000. Jumla, zaidi ya paundi 12,000 za tofauti. Tena kuanzia Septemba saa 15 zinakuwa 30, akaongeza, akapiga mstari chini.

(Hizo saa tunazipata kwa sababu ya makaratasi yetu. Wenzetu ambao viza zao haziruhusu fedha za umma hawapati hata moja kwa mtoto wa umri huu, na kodi wanalipa vile vile.)

Hesabu haikuwa upande wangu. Nasema hivi kwa sababu makala nyingi za akina mama walioacha kazi zinaisha kwa kuonyesha kwamba nasari ingemeza mshahara wote. Kwangu isingeumeza. Kuacha kazi kulitugharimu, na kunatugharimu leo.

Nikaandika barua pepe ya kuomba kufuta barua yangu ya kuacha kazi. Ikakaa kwenye rasimu siku tisa. Kisheria hakukuwa na tatizo: ningerudi, ningefanya kazi yangu vizuri, siku ya mwisho ya ile miezi sita ningetoa notisi na deni wangekuwa wamelifuta wenyewe. Watu wanafanya, na siwalaumu hata chembe.

Siku ya tisa nikaifungua nikaisoma kama inavyosomwa na mtu mwingine. Sentensi ya pili ilisema nitafurahi kurudi. Nikaifuta, maana ilikuwa uongo. Nikasoma tena. Bila sentensi ile hakukuwa na barua.

## Luxembourg, na wodi ya rafiki yangu

Usiku wa kunyonyesha ni mrefu na simu iko karibu. Ndivyo nilivyokutana na kesi ya Boyle ya mwaka 1998. Wafanyakazi wanawake walipinga sharti kama langu: rudi angalau mwezi mmoja, la sivyo rudisha nyongeza. Ikafika Mahakama ya Ulaya, Luxembourg. Majaji wakasema mwajiri anayetoa zaidi ya kiwango cha sheria anaruhusiwa kuweka sharti kama hilo.

Kilichonikalisha kitako si hukumu. Ni mshtakiwa. Mwajiri wao alikuwa Equal Opportunities Commission, tume iliyoundwa kupigania usawa wa wanawake na wanaume huku Uingereza. Ndiyo iliyokuwa na sharti, na ndiyo iliyolitetea mpaka Luxembourg.

Nikacheka peke yangu gizani, mtoto akaachia titi akaniangalia.

Rafiki yangu nesi, Mkenya, yeye yuko NHS, huduma ya afya ya umma ya huku. Huko masharti yameandikwa kwa nchi nzima na wote wanayajua kwa kichwa: wiki 8 mshahara kamili, wiki 18 nusu mshahara pamoja na malipo ya kisheria, kisha kisheria tupu. Deni lao ni miezi 3 ya kazi, na unaweza kuilipia hata kwenye hospitali nyingine ya NHS, mradi urudi ndani ya miezi 15 tangu likizo ianze. Yeye alihama mji mzima na bado akahesabiwa. Tena mwajiri amepewa ruhusa kwa maandishi kusamehe deni pale ambapo kulidai kutamtesa mtu.

“Nyinyi wa kampuni,” akaniambia, “kila mtu na ndoa yake.”

Hiyo ndiyo tofauti iliyoniuma kuliko paundi. Wenzetu wanadaiwa na kazi yenyewe, popote wanapoifanya. Mimi nilidaiwa kiti kile kile, siku tano zile zile, na waliokataa kukipunguza kiti ndio walioshika daftari.

## Majibu yangu

Niliandika barua fupi. Mtoto alikuwa anapiga sufuria, kwa hiyo haikuwa na maneno mengi ya adabu.

Kwanza, malipo ya kisheria hayarudishwi. Hesabu hii hapa, 5,981.64. Pili, likizo ya mwaka inaendelea kujikusanya hata ukiwa kwenye likizo ya uzazi. Mimi nina siku 33, ukijumlisha na sikukuu, kwa hiyo nyinyi mnanidai, ila na mimi, kwa paundi 130 kwa siku, nawadai nyinyi 4,290. Tatu, fomu yangu ilisema nitarejesha, haikusema mtakata. Bila ridhaa yangu ya maandishi msikate chochote kwenye mshahara wa mwisho. Nne, mbona mnadai fedha ya kabla ya kodi wakati mkononi niliipokea baada ya kodi?

Siku sita kimya. Kisha akanipigia mama mmoja wa utumishi, sauti ya mtu ambaye naye ana watoto. Aliomba radhi kwa ile 11,700. Alikubali la kwanza, la pili na la tatu. La nne alisema hata likizo wameihesabu kabla ya kodi, kwa hiyo ngoma droo. Si droo kamili, nilijua, na alijua kwamba najua. Hapo nilikuwa nimechoka. Mwenye nguvu kunizidi aiendeleze hoja hiyo.

Nikaridhia kwa maandishi likizo ifidie deni. Ikabaki 1,691.64. Akauliza nataka kulipa kwa muda gani, nikasema mwaka, akasema sawa, haraka kiasi kwamba nikajilaumu kwa kutosema miaka miwili.

## Kisanduku cha maelezo

Paundi 140.97 kila mwezi, mara 12. Niliiweka benki kwa simu nikiwa nimekaa kwenye ngazi, maana binti yangu sasa anapanda ngazi na hawezi kuachwa. Programu ya benki ikanipa kisanduku cha kuandika malipo haya ni ya nini.

Nikampigia mama kwanza. Nilikuwa sijamweleza yote, nilimweleza. Alisikiliza bila kunikatiza, jambo lisilo la kawaida kwake. Nikamuuliza kama anamkumbuka yule mama aliyekula mwanzo.

“Namkumbuka. Alileta.”

Sikuwa nalijua hilo.

“Nusu,” mama akasema. “Miaka miwili baadaye, kwa kondakta wa basi la Dar, zimefungwa kwenye pindo la khanga. Khanga nimebaki nayo.”

“Na nusu nyingine?”

“Mtoto wake alipona?” akaniuliza, kama vile mimi ndiye ningejua. Kisha akasema moto unazima, ana maandazi.

Malipo ya kwanza yalitoka Jumatatu ya tarehe 30 Juni. Kwenye kile kisanduku niliandika UPATU, kwa herufi kubwa, na mpaka leo hakuna mtu wa ofisi ile aliyeuliza maana yake.